Kauli ya Kutendwa katika Kiswidi: Mwongozo Kamili kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

*Jag var stulen min telefon.* Tangu nianze kuwasaidia wenzangu wanaojifunza Kiswidi, hakuna sentensi niliyoisahihisha mara nyingi kuliko hii. Mwandishi wake hutaka kusema "Niliibiwa simu", na kila neno amelitafuta kwa bidii: *jag* ni mimi, *var* ni nilikuwa, *stulen* ni -lioibwa. Mswidi anachosikia ni kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeibwa, na simu imebaki mwishoni haina kazi.

Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na utajiri wa Kiswahili. Sisi tuna kutendwa, kutendewa, kutendeka na kutendana, kila moja na mnyambuliko wake, na Kiswidi kinazigawa kazi hizo kwa namna nyingine. Hata hivyo tuna pa kuanzia pazuri sana, kwa kuwa Kiswidi nacho hujenga kutendwa kwa kubandika herufi kwenye kitenzi. *Läsa* ni kusoma, *läsas* ni kusomwa. Sikio letu limeshazoea jambo hilo tangu utotoni. Kazi iliyobaki ni kujua mahali pa kuliamini sikio hilo na mahali pa kulizuia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Daftari na sura nne za kila kitenzi. Waswidi huziita *infinitiv* (kitenzi-jina), *presens* (wakati uliopo), *preteritum* (wakati uliopita) na *supinum* (sura ya wakati timilifu). Kwa kitenzi cha kuandika ni *skriva, skriver, skrev, skrivit*. Ukijua sura moja tu utakwama katika hatua ya pili, kwa hiyo ziandike zote nne kila unapokutana na kitenzi kipya.

Kamusi inayoonyesha sura hizo. Tovuti ya svenska.se ina kamusi za Svenska Akademien, na ni ya bure.

Jinsia ya nomino. Unahitaji kujua kama ni *en* au *ett*: *en dörr* (mlango), *ett fönster* (dirisha). Bila hilo hatua ya tatu haiendi.

Karatasi moja ya Kiswidi cha kweli. Barua ya ofisi, kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa, au tangazo la kwenye ngazi za jengo unaloishi. Kutendwa kumejaa humo kuliko katika mazungumzo.

## Hatua ya 1: Tafuta mtendwa, kisha umtenge mtenda

Anza na sentensi ya kawaida: *Min syster skriver brevet*, dada yangu anaandika barua. Kinachoandikwa ni barua. Hicho ndicho kitakachohamia mbele: *Brevet skrivs av min syster.*

Angalia neno *av*. Hilo ndilo "na" letu la mtenda. Hapa wengi huteleza, kwa sababu "na" wamelifahamu kwanza kama *och* au *med*, basi huandika *Brevet skrivs med min syster*. Maana yake hugeuka: barua inaandikwa kwa kushirikiana na dada.

Jiwekee kanuni hii daftarini: "na" ya mtenda ni *av*, "kwa" ya kifaa ni *med*. *Brevet skrevs av min syster med blyertspenna*: barua iliandikwa na dada yangu kwa penseli. Na "kwa" ya lugha ni *på*: *på swahili*, kwa Kiswahili.

Mara nyingi mtenda hatajwi kabisa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutumia kauli hii. Kama *av* yako inafuatwa na mtu asiye na umuhimu (*av någon*, na mtu fulani), ifute.

## Hatua ya 2: Bandika -s

Katika Kiswahili wakati hukaa mbele (a-li-som-w-a) na kutendwa huingia karibu na mwisho. Kiswidi kinaweka vyote nyuma, na mpangilio haubadiliki: kwanza wakati, kisha -s. Hiyo -s ndiyo inayofunga neno. Hakuna kinachokuja baada yake.

Hivi ni vitenzi vitano vinavyowakilisha makundi makuu, katika sura zile nne:

- öppna, öppnar, öppnade, öppnat (kufungua)
- stänga, stänger, stängde, stängt (kufunga)
- köpa, köper, köpte, köpt (kununua)
- sy, syr, sydde, sytt (kushona)
- skriva, skriver, skrev, skrivit (kuandika)

Na hivi ndivyo hivyo hivyo vikiwa na -s:

- öppnas, öppnas, öppnades, öppnats
- stängas, stängs, stängdes, stängts
- köpas, köps, köptes, köpts
- sys, sys, syddes, sytts
- skrivas, skrivs, skrevs, skrivits

Tatizo liko kwenye wakati uliopo peke yake. Sura nyingine tatu zinapokea -s bila kubadilika. Katika wakati uliopo, -r lazima iondoke kwanza, na kwa vitenzi vya -er huondoka -er yote. *Öppnar* inakuwa *öppnas*, si *öppnars*. *Stänger* inakuwa *stängs*, si *stängers*.

Kitenzi ambacho mzizi wake tayari unaishia na s hubakiza ile e ili kiweze kutamkika: *låser* inakuwa *låses*, *läser* inakuwa *läses*. Kwenye mlango wa jengo la ghorofa utakuta *Porten låses kl. 21.00*: lango hufungwa kwa ufunguo saa tatu usiku.

Utaiona -es mahali pengine pia, kwa vitenzi visivyoihitaji: *säljes* (inauzwa), *uthyres* (inapangishwa), *sväljes hela* (vimezwe vizima) kwenye vidonge. Hayo ni mabaki ya Kiswidi cha zamani katika matangazo na maelekezo. Yatambue unaposoma, lakini katika barua yako andika *säljs* na *hyrs ut*.

Kwa wakati timilifu, chukua *har* pamoja na sura ya nne: *har öppnats*, *har skrivits*. Ukiandika *har öppnades* umechanganya sura ya tatu na ya nne. Kwa wakati ujao ni *ska öppnas* au *kommer att öppnas*.

Umefika unapoweza kuchukua kitenzi usichokijua, ukakitafuta kwenye kamusi na kutamka sura zake nne za -s bila kusita. Jaribu *stjäla, stjäl, stal, stulit*, kuiba. Unapaswa kupata *stjälas, stjäls, stals, stulits*.

## Hatua ya 3: Jenga sura ya pili, ile ya bli

Njia nyingine ya kutendwa ni kutumia kitenzi *bli*, kugeuka kuwa (blir, blev, har blivit), pamoja na neno linalofanya kazi kama kivumishi. Neno hilo hukubaliana na nomino, na hapa Mswahili hana haja ya kuogopa. Aliyezoea mlango umefungwa, dirisha limefungwa, madirisha yamefungwa hawezi kushindwa na upatanisho wenye sura tatu tu:

- öppnad, öppnat, öppnade
- stängd, stängt, stängda
- köpt, köpt, köpta
- sydd, sytt, sydda
- skriven, skrivet, skrivna

Ya kwanza ni ya *en*, ya pili ya *ett*, ya tatu ya wingi. Kituo cha treni kitakufundisha haya vizuri kuliko kitabu, maana safari zikifutwa maneno yote matatu hutokea kwenye ubao: *Bussen är inställd. Tåget är inställt. Alla avgångar är inställda.*

Tahadhari kubwa: *skrivit* na *skrivet* si neno moja. *Skrivit* huenda na *har* na haibadiliki kamwe. *Skrivet* huenda na *bli* na *vara* (kuwa: *är*, *var*) na hubadilika. *Brevet har blivit skrivit* ni kosa. Sahihi ni *Brevet har blivit skrivet*, au kwa ufupi zaidi *Brevet har skrivits*. Tofauti hii ya i na e inawasumbua hata waliokaa Uswidi miaka mingi.

Vitenzi vyenye neno dogo linalofuata, kama *ställa in* (kufuta safari), *köra på* (kugonga kwa gari) na *säga upp* (kuachisha kazi), hupindua mpangilio: neno dogo hurukia mbele na kuungana. Ndiyo maana tunapata *inställd, påkörd, uppsagd*. Kwenye sura ya -s neno dogo hubaki nyuma, pekee: *Tåget ställs in.*

## Hatua ya 4: Chagua kati ya -s, bli na vara

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda, na sina kanuni moja ya kukupa. Nina maswali matatu, na nakushauri uyaulize kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: unasema tukio au hali? Kiambishi chetu cha -me- hubeba vyote viwili. "Duka limefungwa" ni kwamba mtu amelifunga, na pia kwamba sasa hivi halifunguki. Kiswidi hutenganisha. Ukisimama mbele ya mlango na huwezi kuingia, hiyo ni hali: *Affären är stängd.* Ukieleza kilichotokea: *Affären har stängts*, au *stängdes i går*. Wanafunzi wengi huona -me- wakaandika *har* papo hapo. Kabla ya kuandika, jiulize kama unaweza kuongeza "na bado iko hivyo". Ukiweza, tumia *är*.

Vivyo hivyo kuzaliwa. *Jag är född i Bujumbura* ndiyo njia ya kawaida ya mtu aliye hai kujieleza. *Föddes* si kosa, ila husikika zaidi katika simulizi za maisha ya watu.

Swali la pili: ni utaratibu, au ni jambo lililompata mtu mara moja? Utaratibu, kanuni, maelekezo na kazi zinazorudiwa huchukua -s: *Posten delas ut på förmiddagen* (barua husambazwa asubuhi), *Förvaras i kylskåp* (itunzwe kwenye friji). Jambo la ghafla lililompata mtu, hasa lisilotarajiwa, huelekea kwa *bli*: *Han blev påkörd*, aligongwa na gari, *Hon blev uppsagd*, aliachishwa kazi.

Swali la tatu: kuna *ska* (-ta-), *måste* (lazima), *kan* (-weza), *får* (-ruhusiwa) au *bör* (-pasa) mbele? Basi -s ndiyo salama: *Blanketten måste undertecknas*, fomu lazima itiwe saini.

Katika maandishi -s hutawala. Ukiwa na shaka unapoandika kuhusu kitu, chukua -s. Ukiwa na shaka unapozungumza kuhusu mtu, chukua *bli*. Hutakosea mara nyingi.

Jambo moja la kuangalia: *bli* katika wakati uliopo huelekea mbele. *Bilen repareras* ni gari linatengenezwa, fundi yuko kazini. *Bilen blir reparerad i morgon* ni gari litatengenezwa kesho.

Na kuna mahali ambapo sisi tunatumia -wa lakini wao hawatumii kauli ya kutendwa kabisa. "Duka linafunguliwa saa nne" kwa Mswidi ni *Affären öppnar klockan tio*, bila -s, kana kwamba duka linajifungua lenyewe.

## Hatua ya 5: Zuia mkono unapofika kwenye kutendewa

Sentensi ya simu iliyoibwa inatokea hapa. Katika Kiswahili tunaweza kumfanya mpokeaji kuwa kiini cha sentensi kwa karibu kitenzi chochote: kupewa, kuletewa, kuandikiwa, kupigiwa, kufiwa. Kiswidi hakina mnyambuliko huo. Ukijaribu kuulazimisha kwa -s au *bli*, utapata sentensi ambayo msikilizaji hana la kuifanyia.

Kwa mambo mengi, dawa ni kitenzi kimoja kidogo: *få*, kupata.

- Nilipewa kazi: *Jag fick ett jobb.*
- Niliambiwa kwamba...: *Jag fick veta att...*
- Nimeandikiwa barua: *Jag har fått ett brev.*
- Niliulizwa: *Jag fick frågan.*
- Tulitembelewa: *Vi fick besök.*
- Nilikataliwa ombi: *Jag fick avslag.*

Kwa mengine, mtenda anarudi mbele kwenye kauli ya kutenda. Nimepigiwa simu na shule: *Skolan har ringt mig.* Tumefiwa na baba: *Vår pappa har gått bort.* Mfano huu wa mwisho unanigusa kila mara. Neno "kufiwa" linamweka aliyebaki mbele, na jirani akilisikia anajua wa kumpa pole ni nani. Sentensi ya Kiswidi humtaja marehemu tu. Usitafute kisawe chake, sema ilivyo.

"Nimenyeshewa" pia haipatikani. Mvua haimtendi mtu kitu kwa Kiswidi, kwa hiyo unasema matokeo: *Jag blev genomblöt*, nimelowa chapachapa.

Na kuibiwa? Kuna njia mbili, zote sahihi. Ya kwanza humweka mwenye mali mbele kwa kitenzi kingine, *bestjäla*: *Jag blev bestulen på min telefon.* Ya pili huiweka simu mbele: *Min telefon blev stulen.* Nakushauri uanze na ya pili, maana ni nyepesi na inafaa kwa kila kitu kilichoibwa.

Vipo vitenzi vichache vinavyoruhusu mpokeaji awe kiini. Kimoja ni *tilldela*, kutunuku, na mfano wake ninaoupenda ni huu: *Abdulrazak Gurnah tilldelades Nobelpriset i litteratur 2021.* Mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar alitunukiwa, na kwa mara moja Kiswidi kinakubaliana na Kiswahili neno kwa neno. Kingine ni *erbjuda*: *Jag blev erbjuden ett jobb*, nilipewa nafasi ya kazi nichague mwenyewe.

## Hatua ya 6: Itambue -s isiyo ya kutendwa

Si kila -s ni -wa. Nyingine ni -na: *Vi ses* ni tutaonana, *vi träffas* ni tunakutana, *de kramas* ni wanakumbatiana, *vi hjälps åt* ni tunasaidiana.

Nyingine ni -ka: *syns* ni kuonekana, *hörs* ni kusikika, *behövs* ni kuhitajika.

Nyingine ni sehemu ya kitenzi chenyewe na haiondoki: *hoppas* (kutumaini), *andas* (kupumua), *minnas* (kukumbuka), *lyckas* (kufaulu), *trivas* (kujisikia vizuri mahali). Hizi zikariri zilivyo.

Na nyingine ni ya tabia: *Hunden bits* haimaanishi mbwa anaumwa. Ni mbwa huyu huuma. Ukikuta sentensi hiyo, kaa mbali naye.

Tahadhari kwa wazazi. *Min son slogs i skolan* itasikika kwa mwalimu kama "mwanangu alipigana shuleni". Ikiwa alipigwa, sema *Min son blev slagen i skolan.* Ni hivyo hivyo kwa *retas*: *Han retas* ni kwamba yeye ndiye anayewachokoza wenzake, *Han blir retad* ni kwamba anachokozwa. Nimemwona mama akiondoka mkutanoni akiwa amemshtaki mwanawe bila kujua, kwa herufi moja. Kwa vitenzi vya mtu na mtu, tumia *bli* daima.

## Hatua ya 7: Soma karatasi yako na uulize "na nani?"

Sasa itoe ile barua. Pigia mstari kila kitenzi chenye -s, na pembeni ya kila kimoja andika mtenda aliyefichwa. Zoezi hili ni la lugha, lakini pia lina faida ya moja kwa moja kwenye maisha yako.

*Din ansökan har beviljats*: ombi lako limekubaliwa. Na nani? Na ofisi.

*Avgiften ska betalas senast den 30 juni*: ada ilipwe kabla ya Juni 30 kupita. Na nani? Na wewe. Sentensi haikutaji popote, lakini wajibu ni wako.

*Beslutet kan överklagas*: uamuzi unaweza kukatiwa rufaa. Na nani? Na wewe tena. Kwa maamuzi mengi ya ofisi za serikali muda ni wiki tatu tangu siku uliyoupata uamuzi, na barua yenyewe hutaja muda huo. Nimekutana na watu waliodhani sentensi hiyo ni taarifa tu, wakaiweka barua kabatini.

*Du kallas till ett möte*: unaitwa kwenye mkutano. Hapa ni wewe unayetendwa, na tarehe iko chini yake.

Ukiweza kujaza mtenda wa kila -s bila msaada, kusoma umeshakuweza.

## Jipime

Funika majibu, tafsiri, kisha linganisha.

1. Barua iliandikwa na dada yangu.
2. Treni imefutwa.
3. Mtoto aligongwa na baiskeli.
4. Nimeambiwa kwamba ombi langu limekubaliwa.
5. Hapa panazungumzwa Kiswahili.
6. Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiswahili.
7. Kulichezwa usiku kucha (kucheza dansi, *dansa*).

Majibu:

1. *Brevet skrevs av min syster.*
2. *Tåget är inställt.*
3. *Barnet blev påkört av en cykel.* Ni *påkört*, kwa sababu mtoto ni *ett barn*. Ukiandika *påkörd*, rudi hatua ya 3.
4. *Jag har fått veta att min ansökan har beviljats.* Nusu ya kwanza ni *få*, nusu ya pili ni -s. Aliyepata zote mbili ameshika hatua ya 5.
5. *Här talas swahili.* Katika sentensi ya kawaida ya taarifa kitenzi hukaa nafasi ya pili, hata neno la mahali likitangulia.
6. *De här böckerna är skrivna på swahili.* Ni hali, ni wingi, na "kwa" ya lugha.
7. *Det dansades hela natten.* Ile *ku-* yetu isiyo na mwenyewe ni *det* yao, na hapa, bila kitu chochote kinachotendwa, -s na -wa zinafanya kazi ileile.